Kishikwambi Kidogo na Jicho la Kushoto

Naanza kwa kukiri kwamba nina aibu, na si ile aibu ya kujikwaa barabarani, ukasimama, ukajipangusa vumbi, watu wakasahau. Hii yangu ilitokea kanisani, Jumamosi ya harusi, mbele ya watu wa vigango vitano, na mpaka leo nikienda sokoni hapa Ngara kuna mama muuza dagaa ambaye kabla hajanifungia mzigo hunifungia jicho moja kwanza. Nimeamua kuieleza mwenyewe kwa sababu wanaoieleza wengine wanaongeza chumvi, na yenyewe ilivyo haihitaji.

Mimi ni Evarist, mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka kumi na minne nimekuwa mpiga kinanda wa parokia yetu. Miaka mingi nilipiga kwa nota za karatasi, na aliyekuwa akinigeuzia kurasa ni mke wangu Skolastika (wakati tunaanza hakuwa mke wangu, alikuwa binti wa sauti ya kwanza aliyesoma nota vizuri kuliko wenzake, akapangiwa kusimama kando yangu, na yaliyofuata mnaweza kuyakisia). Nikifika mstari wa mwisho nilikuwa natikisa kichwa kidogo, naye anageuza, na baadaye hakungoja hata hicho kichwa. Tulipogawiwa walimu vishikwambi vya kazi nikahamishia nota zangu zote mle, pamoja na alama zangu nyekundu za pa kupumulia na pa kurudia, lakini Skolastika alibaki palepale pake, sasa anatelezesha kidole badala ya kugeuza karatasi.

Kisha akaja Renatus.

Renatus ni kijana wa Nyamigogo, kule Biharamulo, aliyehamia kwetu kwa kazi ya kutolea malori mizigo forodhani Rusumo. Anavaa vizuri, anaongea taratibu, hanywi rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na kama hayo hayatoshi, anapiga kinanda. Paroko akampa Misa ya pili. Jumapili yake ya kwanza nilikaa benchi la nyuma nimsikilize, nikaomba akosee (niliomba kweli, tena nimepiga magoti), na hakukosea. Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa upigaji wake. Mbele yake palikuwa na kishikwambi kidogo, hakizidi daftari la mtoto wa darasa la kwanza, kimefunikwa kava jeusi, kimetulia kwenye kishikilia nota bila kuyumba (changu ni kikubwa, kilishaanguka mara mbili wakati wa Misa), na kurasa zilikuwa zinageuka zenyewe. Mikono yake haikuondoka kwenye kinanda hata mara moja, wala hakuna mtu aliyesimama kando yake. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayekubaliana na jambo, na ukurasa unafika.

Mchana huo tukiwa tunakula ndizi na maharage Skolastika akasema, "Umemwona yule kijana? Hageuziwi."

"Nimemwona."

"Kumbe siku hizi mtu anaweza kukaa na kinanda peke yake."

Hakusema kwa ubaya, na aliinamisha macho kwenye sahani wakati anasema, jambo ambalo mume mwenye akili zake angeliuliza. Mimi sikuuliza. Mimi nilichosikia ni mwanamume mwingine akisifiwa ndani ya nyumba yangu, juu ya maharage niliyolima mwenyewe, na tangu siku ile wivu ukanikaa kifuani hata ukawa unaniamsha mapema kuliko jogoo. Nilimwonea wivu kwa kishikwambi chake, kwa shati lake, hata kwa namna alivyokuwa anakunja mikono ya shati hilo kabla ya kuanza kupiga.

Na jambo lenyewe halikuwa dogo. Shemasi Patrisi, kijana wa kigango chetu, alikuwa anakaribia kupata upadre. Huyo nilimfundisha nota mimi, akiwa na miaka tisa, miguu haigusi sakafu akikaa benchini, do re mi yake ya kwanza aliimba kwenye sebule yangu. Miaka yote nilikuwa nimejiwekea kwamba siku ya upadrisho wake, askofu akiwa pale mbele, nitakayepiga ni mimi. Sasa paroko akatuita wawili, akasema Renatus atapiga harusi ya Jumamosi moja, mimi nitapiga ya Jumamosi inayofuata, naye atasikiliza, kisha atasema nani apige upadrisho. Renatus akapiga yake. Sitaieleza, inatosha kusema kwamba watu walitoka wanaimba mpaka nje.

Ndipo nikafunga safari kwenda Biharamulo mjini kununua kishikwambi kidogo. (Ngara maduka yapo, lakini nilitaka mtu wa parokia asinione.) Njia nzima nilikuwa nimeshaamua kwamba lazima kiwe cha tunda, ile aina yenye tunda lililomegwa mgongoni. Sikuwa nimewahi kuuona mgongo wa kile cha Renatus, kava lilikuwa limeuziba, lakini kwa akili yangu ya wivu kijana anayekunja shati namna ile hawezi kuwa na Androidi kama mimi.

Dada muuzaji alikuwa mtu mwaminifu, namtaja hapa ili asilaumiwe. Akaniwekea viwili mezani, kidogo cha Androidi na kidogo cha tunda, akaniuliza, "Mwalimu, sasa hivi unatumia mfumo gani?"

"Androidi."

"Na nota zako zote ziko humo?"

"Zote, na alama zake."

"Basi chukua hiki cha Androidi, kesho unapiga. Ukihama mfumo, nota zenyewe zitakuja, lakini zile alama ulizochora ndani ya programu haziji, na mpangilio wako wa nyimbo hauji. Zitajipanga kwa alfabeti. Utakaa uzipange upya moja moja."

"Nitazipanga."

"Na macho je? Hivi vidogo, nota zinakuwa kama mchele."

Nikamwambia macho yangu hayana tatizo. (Nina miaka arobaini na sita na simu ikiita nasoma jina kwa kunyoosha mkono.) Kisha nikamuuliza lile lililonileta, kama kuna namna ya kugeuza ukurasa bila mkono, nikijifanya nauliza kwa kupitia tu. Akatafuta, akapata programu ya nota inayosoma uso wa mpigaji kwa kamera: ukifunga jicho la kushoto ukurasa unaenda mbele, ukifunga la kulia unarudi nyuma. Moyo ukaniruka. Nikajiambia kumbe ndiyo siri ya Renatus, kile kichwa ni cha kutuzuga, kazi inafanywa na jicho. Nikachukua kile cha tunda. Bei sitaitaja kwa sababu Skolastika anajua kusoma.

Niliporudi nikaanza mazoezi shuleni saa za mapumziko, nimejifungia stoo ya vitabu. Nota zilikuwa ndogo kweli kama alivyosema yule dada, kwa hiyo nikaweka zionekane nusu ukurasa nusu ukurasa, zikakua, lakini sasa kila wimbo ukataka kugeuzwa mara mbili ya zamani. Nikaona si kitu, jicho halichoki. Tatizo jingine ni kwamba jicho la kulia sijui kulifunga peke yake, nikilifunga na la kushoto linafuata, kwa hiyo nilikuwa na uwezo wa kwenda mbele tu bila uwezo wa kurudi. Hilo nalo nikaona si kitu. Kupanga nyimbo upya nikasema nitapanga nikipata nafasi, na nafasi sikuipata.

"Jicho lina nini?" Skolastika akaniuliza siku moja, maana lilishaanza kujifunga hata nikiwa nakunywa chai.

"Vumbi."

Na Ijumaa, kesho yake ndiyo harusi, nikamwambia, "Kesho kaa na wenzako wa sauti ya kwanza. Sihitaji tena mtu wa kunigeuzia."

Alikuwa anakunja kitenge. Akamaliza kukikunja, akakikunjua, akakikunja tena. "Sawa," akasema.

Sasa naomba mnielewe kanisa letu lilivyo. Kinanda kiko upande, kinatazamana na benchi la mbele la jamaa wa bibi harusi, na kwa miaka kumi na minne kati yangu na benchi hilo alisimama Skolastika. Jumamosi ile hakukuwa na kitu katikati. Na katika benchi hilo alikuwa amekaa shangazi wa bibi harusi, Bi Veneranda wa Kaniha, ndiye aliyemlea binti, na mnajua kwetu harusini shangazi ni nani: bila yeye hakuna kinachosogea, na akikunja uso ukoo mzima unakunja.

Wimbo wa kuingia nikageuza mara sita. Ulienda vizuri ajabu, kurasa zinafika kama maji, mikono haiondoki, nikajiona mimi ndiye mimi. Sikuona kwamba kila nikifunga jicho nilikuwa nalifunga kuelekea kwa Bi Veneranda. Mara ya tatu yeye aliona, akageuka nyuma kutazama anayekonyezwa ni nani, na nyuma yake kulikuwa na nguzo. Kwenye Utukufu aliacha kugeuka. Akarekebisha kilemba. Kwenye zaburi akamgusa mwenzake, mwenzake akamgusa wa pili, na tulipofika aleluya benchi zima lilikuwa linalitazama jicho langu la kushoto, nami (hapa ndipo natamani ardhi inimeze hata leo) nikadhani wanakitazama kishikwambi kwa kukitamani, nikawatabasamia. Nikakonyeza nikitabasamu.

Ikafika matoleo. Wimbo wa kwanza ukaisha, na kwa kuwa maandamano ya vipaji yalikuwa marefu nilitakiwa kuingia wa pili. Wakati huohuo padre akawa anafukiza altare, mlango wa upande ulikuwa wazi, upepo ukauleta moshi wote wa ubani kwangu. Macho yakaniwasha. Nikayafinya, moja baada ya jingine, la kushoto zaidi kwa sababu ndilo lililokuwa na mazoezi, na kishikwambi kikafanya kile nilichokifundisha, kikageuza, kikageuza, kikageuza, kikamaliza nyimbo zote za matoleo. Na kwa alfabeti, ndugu zangu, baada ya Matoleo yanakuja Mazishi.

Machozi yananitoka, naona nota kwa ukungu, vidole vikapiga vilichokiona. Nilipofika kipimo cha nne masikio yakaniambia kitu, lakini tayari nilikuwa nimechelewa, kwa sababu kwaya yetu niliizoesha mwenyewe: kinanda kikianza, huulizi, unaingia. Na wimbo ule besi wanaujua kuliko majina ya watoto wao, tunauimba kila wiki makaburini. Wakaingia wote, kwa nguvu, kwa hisia: "Nyumba yako mpya i tayari." Watu wakafurahi, wakadhani ni ya maharusi, mama mmoja akapiga kigelegele. Kisha besi wakaendelea, "udongo juu, udongo chini," na kigelegele kikakatika katikati.

Nikajaribu kurudi nyuma. Nikafunga jicho la kulia, la kushoto likafuata, ukurasa ukaenda mbele, ubeti wa pili. Bibi harusi akaanza kulia. Bwana harusi alikuwa anatazama juu darini kama anayetafuta inapovuja.

Ndipo nikamwona Skolastika anatoka kwenye mstari wa sauti ya kwanza. Sitasahau nafuu niliyoisikia. Nikasema moyoni, anakuja, atasimama pake, atatelezesha kidole, tutatoka salama. Akapita mbele ya kinanda bila kunitazama, akaenda mpaka kwenye besi, alikokuwa anaimba Renatus siku hiyo, akamshika bega, akamwambia neno sikioni. Wivu nilioujua kabla ya hapo ulikuwa wa mchezo. Nilitazama ule mkono kwenye lile bega, na nilijua kabisa kwamba ninastahili, na kujua hivyo hakukunisaidia hata kidogo.

Renatus akaja na mkoba wake. Nikampisha benchi, nikabaki nimesimama pembeni kama mshtakiwa. Akaweka kishikwambi chake, kisha akatoa kwenye mkoba kitu kidogo cheusi, bapa, akakiweka sakafuni, akakikanyaga kwa ncha ya kiatu, na ukurasa ukageuka.

"Nini hicho?" nikanong'ona.

"Kikanyagio, mwalimu. Kinageuza kurasa."

"Na hicho kishikwambi, si cha tunda?"

"Hapana, Androidi. Kama chako cha shule, ila kidogo." Alikuwa anapanga nyimbo huku akinijibu, kwa upole uleule unaonikera. "Ungeniuliza, ningekuonyesha."

Miezi minne nilikuwa nimemtazama yule kijana usoni, kichwani, kwenye mikono ya shati, na sikuwahi kushusha macho kwenye viatu vyake.

Hayakuishia hapo. Wakati wa kupeana amani Bi Veneranda aliinuka, akaja moja kwa moja nilipokuwa nimesimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amani iwe nawe, mwarimu." Akanipa mkono na hakuuachia. "Mimi nina wajukuu saba," akasema, na hakunong'ona. "Na mume wangu yure pare, mwenye koti."

Nikamtazama mwenye koti. Naye alikuwa ananitazama.

"Mama, nisamehe, ni hii mashine ndiyo iliyo..."

"Jicho ni rako," akasema, akarudi kukaa.

Nyumbani tulikula, Skolastika akakusanya sahani. Kisha akasema, "Nilimwita kwa sababu ilikuwa harusi ya mtoto wa watu, Evarist. Ungeniacha nisimame pale nilipozoea, nisingehitaji kumwita mtu." Nikasema najua. Akasema, "Miaka yote hiyo nilidhani pale ni pangu." Vyombo siku hiyo nikaosha mimi.

Wiki iliyofuata tulikwenda Kaniha wawili kuomba radhi, na jogoo mkononi. Nilieleza mpaka koo likakauka, hawakuamini, hadi Skolastika alipokitoa kile kishikwambi akakiweka mbele ya mzee mwenye koti, akamwambia, "Baba, funga jicho la kushoto." Mzee akafunga. Ukurasa ukageuka. Akafunga tena. Alikaa anakikonyeza kile kitu mpaka chai yake ikapoa, na Bi Veneranda akacheka akajishika kiuno, akasema tangu waoane hajawahi kumwona mume wake akikonyeza hivyo. Tukasamehewa.

Paroko hakuhitaji kufikiri sana. "Mwalimu," akaniambia, "pumzisha jicho." Upadrisho alipiga Renatus. Mimi niliimba besi, na nawaambieni ukweli kwamba alipiga vizuri na kwamba iliniuma tangu wimbo wa kuingia hadi wa kutoka, moyo wangu haukutakata siku hiyo wala siku iliyofuata. Mwishoni tukapanga mstari kupokea baraka ya kwanza ya padre mpya. Nilipopiga magoti mbele yake, Padre Patrisi akaweka mikono juu ya kichwa changu, akasali taratibu kwa heshima zote, akamaliza, nikainua uso, naye, bila kubadilisha sura, akafunga jicho la kushoto.

"Jumapili nina Misa ya shukrani kigangoni," akasema. "Nataka unipigie wewe, mwalimu. Kwa karatasi."

Jioni ile nikamwendea Skolastika alipokuwa anachambua mboga, nikamwambia, "Naomba unigeuzie Jumapili." Sikumbuki kama nilishawahi kumwomba. Mwanzoni alipangiwa, baadaye nikazoea. Akasema atafikiria, na akafikiria siku nne nzima.

Kwa hiyo nadhiri yangu ni hii: sitanunua tena kitu cha mtu mwingine kabla sijamuuliza mwenyewe anakitumiaje, na sitahama mfumo wowote kwa sababu ya shati la mtu. Kishikwambi kidogo kipo kabatini, watoto wanakitumia kugeuzia vitabu vya hadithi kwa macho, nyumba nzima inakonyezana.

Jumapili ile kigangoni Skolastika alikuja akasimama pale pake, kati yangu na benchi la mbele. Nikaanza wimbo wa kuingia. Nilipofika mstari wa mwisho wa ukurasa nilisahau kutikisa kichwa, na jicho la kushoto, lilivyozoea, likajifunga lenyewe. Skolastika akaliona. Akageuza karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu harusi ile akacheka.